Homa Hii Ni ya Mbu Gani?



Mwezi huu ukurasa wetu hautasema juu ya kofia, viatu vya chuma wala vumbi la mawe. Utasema juu ya homa.

Kila asubuhi, kabla ya saa moja, benchi la dispanseri limekwisha kujaa. Ninauliza: “Unaugua nini?” Karibu kila mtu ananijibu neno moja: “Malaria, docta.” (Mimi si docta. Mimi ni anfirmye A2 wa kampuni, niliyesoma shule ya ufundi wa uuguzi. Lakini hapa Kindu kila mwenye koti jeupe anaitwa docta, nami nimechoka kukataa.) Mgonjwa amekwisha kujipima mwenyewe nyumbani. Wengine wamekwisha hata kumeza dawa, nusu ya pakiti iliyobaki kwa jirani, na wanakuja kwangu kwa sababu moja tu: karatasi ya repo, ili kapita asiandike kwamba wamekosa kazi.

Siwacheki. Malaria ndiye bwana mkubwa wa homa kwetu. Katika dunia nzima, Kongo yetu ni ya pili baada ya Nigeria kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, na wanaokufa zaidi ni watoto wasiofika miaka mitano. Basi mwenye kuwaza malaria kwanza ana haki. Shida inaanza pale tunapokataa kuwaza kitu kingine. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa hilo, na nitawaeleza bila kuficha.

FUNDI WA MAGARI

Zamani kidogo, kabla ya kuja katika kampuni hii, nilifanya kazi mahali pengine. Siku moja alifika fundi wa magari, mtu mwenye nguvu, akishika kichwa kwa mikono miwili. Homa yake ilikuwa 39 na nusu. Ilimshika ghafula, alisema, kama mtu aliyepigwa fimbo kwa nyuma. Kichwa kilimwuma nyuma ya macho, mgongo ulimwuma, viungo vyote vilimwuma. Nilimtoboa kidole, nikapima kwa TDR. Mstari mmoja tu ukatoka, maana yake malaria haikuonekana.

Mnajua nilifanya nini? Nikasema moyoni: “Kipimo hiki kimeharibika kwa joto,” nikampa dawa ya malaria. Aliomba na dawa ya maumivu. Parasetamoli ilikuwa imekwisha kwangu, nikamwambia atafute kitu sokoni. Alinunua asipirini.

Siku chache nyuma homa ikashuka. Alifurahi, nami nilifurahi zaidi, maana niliona dawa yangu imefanya kazi. Nikamwandikia kurudi kazini. Kesho yake usiku bibi yake alikuja kugonga mlango wangu. Bwana anatapika tangu mchana, tumbo linamwuma sana, damu inatoka puani na kwenye ufizi, na amelegea, hawezi kusimama. Tulimpeleka hospitali kwa kamyo. Docta wa huko alimwekea seromu, akakataza asipirini mara moja, akatazama damu yake kwa mikroskopi mara mbili. Hakuna malaria. Ndipo akachukua damu nyingine ya kupeleka Kinshasa, akashika kalamu ili ajaze karatasi, akanigeukia: “Homa ilianza siku gani?”

Nilifungua kitabu changu. Nilikuwa nimeandika “homa”, nikaandika “malaria”, nikaandika hesabu ya vidonge. Siku homa ilipoanza sikuandika. Mgonjwa mwenyewe alikuwa hawezi kusema vizuri. Bibi yake alikuwa shambani ile wiki ya kwanza. Tukakisia.

Jibu lilirudi baada ya wiki nyingi: homa ya manjano, hapana, virusi vingine, haiwezekani kuhakikisha, kwa sababu siku ya kuanza homa haijulikani na damu ya pili haikuletwa. Fundi alipona, asante Mungu, lakini alikaa muda mrefu bila nguvu ya kufungua hata buloni. Mpaka leo sijui alikuwa na ugonjwa gani.

NAMNA GANI VIRUSI NI TOFAUTI NA MALARIA

Kijidudu cha malaria ni kidogo, lakini kinaonekana. Ukichukua tone nene la damu, lile tunaloita gutepesi, ukalitia rangi na kulitazama kwa mikroskopi, mtu aliyefundishwa atakiona. Virusi ni vidogo zaidi sana. Hakuna mikroskopi ya dispanseri wala ya hospitali yetu inayoweza kuvionyesha. Tena dawa ya malaria haiviui, na ampisilini haiviui. Mgonjwa wa virusi akipewa sindano kumi za kinini atapata uziwi wa masikio, hatapata nafuu.

Ni mbu wanaovibeba, kama wanavyobeba malaria. Ndiyo maana watu wengi wanachanganya: wamesikia “mbu”, wanasema “malaria”. Lakini mbu wako wa namna nyingi, na mizigo yao ni mingi.

Tena magonjwa haya si ya wageni. Majina yake mengi yalizaliwa karibu na sisi. Mwaka 1952 na 1953 homa ya kuvunja viungo iliwashika watu wa Newala, kusini mwa Tanganyika. Wamakonde waliiita chikungunya, kwa kuwa mgonjwa alijikunja na kutembea ameinama. Mwaka 1959 homa nyingine inayofanana nayo ilianza Gulu, kaskazini mwa Uganda. Waacholi waliiita o'nyong-nyong, na mpaka 1962 ilikuwa imepita Kenya na Tanganyika na kuwashika watu karibu milioni mbili. Hiyo inabebwa na mbu yuleyule wa malaria. Zika ni jina la msitu karibu na Entebbe, ambamo mwaka 1947 virusi vilipatikana katika damu ya nyani aliyewekwa juu ya mti ndani ya tundu. Wataalamu walikuwa wanatafuta homa ya manjano, wakapata kitu kipya. West Nile ni jina la wilaya ya Uganda inayopakana na Kongo, na virusi vyake vilitoka katika damu ya mwanamke mwenye homa mwaka 1937.

Hata dengi ina historia kwa Waswahili. Mwaka 1870 homa kubwa ya viungo ilipita Zanzibar, na docta James Christie aliyekuwa huko aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo, na kwamba wazee waliikumbuka tangu 1823. Wengine wanasema neno dengi lenyewe lilitoka hapo. Lakini wataalamu waliosoma habari hizo baadaye wanafikiri huenda haikuwa dengi, ilikuwa chikungunya! Mnaona basi: hata docta mwenye vitabu, akitazama kwa macho tu, anaweza kukosea jina.

Kwetu Kongo, chikungunya ilishika watu wengi sana Kinshasa mwaka 1999 na 2000, na ilirudi 2019 huko Kinshasa na Kongo Central. Tanzania, dengi iliwashika watu wengi wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Watu wanasafiri kwa ndege, kwa treni na kwa baliniera mtoni. Mbu hahitaji tiketi. Anangoja tu mtu mwenye homa afike.

HESABU YA MOSHI

Nitawapa mfano mmoja wa hesabu, kwa sababu ulinishtua nilipousoma. Huko Moshi, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 2007 na 2008, wataalamu walifuata wagonjwa 870 waliolazwa hospitali kwa homa kali. Madocta waliwaandikia malaria wagonjwa 528. Damu ilipopimwa vizuri, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Na katika watu 700 waliopimwa virusi hivi vya mbu, 55 walikuwa na chikungunya. Wengine walikuwa na magonjwa ya bakteria yanayohitaji dawa nyingine kabisa.

Kindu si Moshi, nakubali. Moshi ni karibu na mlima, na malaria yao ni kidogo. Sisi tuko kando ya Lualaba, na mvua yetu ya msituni mnaijua. Hapa ningepima 528 ningepata malaria nyingi. Lakini jambo ni lilelile: neno la docta bila damu ni kukisia.

KIPIMO CHA TDR KINASEMA NINI, NA HAKISEMI NINI

Ukiona mstari mmoja tu, ule wa kuhakikisha kwamba kipimo ni kizima, maana yake malaria haikuonekana. Usinigombeze kama sikupi dawa ya malaria. Nitakuambia urudi kesho, au siku ile ile kama unazidiwa, nami nitapima tena. Mara chache sana vijidudu ni vichache mno siku ya kwanza, kipimo hakivioni.

Mistari miwili: unayo malaria, utapata dawa, na utameza zote mpaka mwisho. Lakini hapa kuna mtego ambao hata waganga wanaanguka ndani yake. Sisi tuliokua Maniema tumeumwa na mbu tangu tumboni mwa mama. Mtu mzima anaweza kutembea na vijidudu vichache vya malaria katika damu bila kuugua. Siku hiyo akipata dengi au tifoide, kipimo kitatoa mistari miwili, atatibiwa malaria, na ugonjwa wenyewe utaendelea. Tena aina ya TDR tunayotumia inaweza kubaki na mistari miwili kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Basi ukiwa umemeza dawa ya malaria wiki mbili zilizopita, niambie. Na kama umetibiwa malaria vizuri na siku ya tatu homa ingali juu, usiende kununua pakiti nyingine. Rudi.

Neno moja juu ya tifoide, maana najua mtaniuliza. Siku hizi kila mtu wa Kindu anayo “malaria na tifoide”, kama chumvi na pilipili. Ile karatasi ya Widal inayotoka labo ndogo za mitaani inaweza kuonyesha tifoide kwa mtu ambaye aliugua zamani, au hata kwa mtu mwenye homa nyingine. Pesa yenu inaliwa bure. Tifoide ya kweli ipo na inaua, lakini karatasi ile peke yake haitoshi.

MWIZI NA ASKARI

Sasa nije kwenye jambo la siku, lile lililonishinda kwa fundi wa magari.

Fikirini nyumba iliyoingiwa na mwizi. Mkifika mapema mtamkuta mwizi mwenyewe ndani. Mkifika kwa kuchelewa, mwizi amekwisha kukimbia, lakini mtakuta askari wamejaa kiwanjani, na kwa mavazi yao mtajua walikuja kwa sababu gani. Damu ni hivyo. Katika siku tano za kwanza za homa, pengine mpaka saba, virusi vyenyewe vingali katika damu. Labo kubwa, kama ile ya INRB ya Kinshasa au ile ya Goma iliyofunguliwa mwaka 2020, ina mashini inayoweza kuvitafuta. Kwa dengi kuna pia kipimo kidogo kinachofanana na TDR, kinachotafuta alama ya mwizi siku hizo za kwanza. Kuanzia siku ya tano hivi, mwili umetengeneza askari wake. Hapo labo inatafuta askari, si mwizi.

Mkileta damu ya siku ya pili na kutafuta askari, hamtawaona, na mtasema mtu huyu hana kitu. Mkileta damu ya siku ya kumi na kutafuta mwizi, hamtamwona, na mtasema vilevile. Damu ni ileile, mashini ni ileile, lakini jibu ni la uongo kwa sababu ya siku. Sasa mnajua kwa nini ninauliza “ilianza lini?” mpaka mnachoka.

Kuna shida nyingine. Askari wa dengi, wa homa ya manjano, wa Zika na wa West Nile ni wa ukoo mmoja, na mavazi yao yanafanana. Hata chanjo ya homa ya manjano inaacha askari ambao labo inaweza kudhani ni wa dengi. Kwa hiyo leteni kadi ya chanjo. Tena askari hawaendi haraka. Wanaweza kubaki miezi mitatu au zaidi, na mtu akadhaniwa mgonjwa wa leo kumbe aliugua wakati wa masika. Ndiyo maana tunaomba damu ya pili, wiki mbili au tatu baadaye. Kama askari wameongezeka mara nne au zaidi kati ya damu ya kwanza na ya pili, basi ugonjwa ulikuwa wa siku zile. Wengi hawarudi kwa damu hiyo ya pili. Wanasema: “Nimepona, unanitafutia nini?” Nakutafutia jina la ugonjwa, ndugu, ili jirani yako asiupate.

Na damu hiyo inasafiri katika sanduku lenye barafu. Barafu ikiyeyuka uwanja wa ndege, kazi yote imeharibika.

MANJANO MACHONI

Homa ya manjano ndiyo tunayoiogopa kuliko zote. Siku tatu mpaka sita baada ya kuumwa na mbu, homa inaanza, na mgongo, na kutapika. Wengi wanapona hapo. Lakini kwa watu wachache, karibu 15 katika 100, homa inashuka kwa siku moja, mgonjwa anasema amepona, kisha inarudi na nguvu mpya: macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai, damu inatoka kinywani, matapishi yanakuwa meusi. Nusu ya hao wanakufa katika siku saba mpaka kumi.

Manjano machoni haina maana moja. Hepatiti inaleta manjano, malaria kali inaleta manjano, na dawa za miti zinazonywewa kwa vikombe zinaleta manjano pia. Lakini sheria yetu ni hii: homa, na ndani ya siku 14 manjano machoni, ni lazima tuchukue damu na kuandikia wakubwa wa afya wa provensi. Msifiche mgonjwa kwa mama wa maombi wala kwa mganga wa kijijini.

Mnakumbuka mwaka 2016. Homa ilianza Luanda, Angola, mwisho wa 2015, ikavuka mpaka na kufika Kinshasa. Chanjo duniani haikutosha, na mwezi wa nane 2016 watu wa Kinshasa walipewa sehemu moja ya tano ya kipimo cha kawaida ili wote wapate. Ilifaulu, na mwanzo wa 2017 ugonjwa ulitangazwa umekwisha. Chanjo kamili, mara moja tu, inakukinga maisha yako yote. Watoto wetu wanapata wakiwa na miezi tisa. Lakini wengi wetu tuliozaliwa kabla ya mwaka 2003 hatukuipata utotoni.

Na Maniema ni nchi ya msitu. Mwaka 1941 homa ya manjano ilionekana Bwamba, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa Kongo. Mtaalamu mmoja, Haddow, alijenga vitanda vya mbao juu ya miti ili awakamate mbu usiku na mchana. Aligundua kwamba mbu mmoja anauma nyani huko juu jioni, na nyani wanaposhuka kuiba ndizi, mbu mwingine, anayezaa katika maji yanayokaa kwenye maungio ya majani ya mgomba, anachukua ugonjwa kwa nyani na kumpa mkulima. Mnaolima Alunguli na kando ya barabara ya Kalima, mnajua migomba yenu imekutana na msitu mahali gani.

HOMA IKISHUKA, FUNGUA MACHO

Hili wamama walishike zaidi, kwa sababu ninyi ndio mnaolala karibu na mgonjwa. Katika dengi, hatari haiko siku homa iko juu. Hatari inakuja homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Maji ya damu yanavuja nje ya mishipa, na ndani mgonjwa anakauka. Ukiona tumbo linauma sana bila kuacha, kutapika kusikokwisha, damu puani au kwenye ufizi, choo cheusi, mtu kulegea au kuhangaika, mikono kuwa ya baridi, mkojo kupungua, usingoje asubuhi. Mlete. Ni siku ileile mimi niliyomwandikia fundi kurudi kazini.

Msimpe asipirini, ibuprofene wala diklofenaki mtu mwenye homa ambayo jina lake halijajulikana. Dawa hizo zinaifanya damu isigande, au zinaumiza tumbo likatoa damu. Parasetamoli tu, kwa kipimo nilichoandika, na kunywa: maji safi, uji mwepesi, maji ya wali, maji ya chumvi na sukari. Mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu asichukue virusi kwake na kuvipeleka kwa watoto.

Dispanseri ina kipimo kimoja kisichohitaji labo. Ninafunga mkono wako kwa mkanda wa kupimia damu, ninaujaza katikati ya hesabu ya juu na ya chini, tunangoja dakika tano. Kisha ninachora mraba wa sentimeta mbili na nusu kila upande na kuhesabu vidoa vyekundu. Vikifika kumi au zaidi, ninafikiri dengi kwa nguvu. Kipimo hiki kinaweza kukosea, lakini hakigharimu kitu. Kwenye ngozi nyeusi kinahitaji mwanga mzuri, kwa hiyo msishangae nikiwatoa nje kwenye baraza.

Chikungunya mara nyingi inajitangaza yenyewe: vifundo vya mikono, vidole na miguu vinavimba, mtu hawezi kushika kikombe. Mara chache inaua, lakini maumivu yanaweza kubaki miezi. Makapita wasikilize hapa: mtu aliyetoka chikungunya na bado anashindwa kushika sururu hadanganyi. Kuhusu Zika, wengi hawaoni kitu isipokuwa vipele na homa ndogo. Anayeumia ni mtoto aliye tumboni, kama ilivyoonekana Brazili mwaka 2015. Mama mwenye mimba akiwa na homa yoyote, aje siku ileile.

MBU WA MCHANA

Mbu wa malaria anauma usiku, na chandarua kinamzuia. Mbu wa dengi, wa chikungunya na wa homa ya manjano ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, zaidi asubuhi na kabla ya giza. Anauma kwenye ateliye, kwenye mashimo, shuleni. Hataki maji machafu ya mtaro. Anapenda maji safi yaliyotulia. Nilipita ateliye yetu wiki iliyopita baada ya mvua. Katika mipira ya magari iliyotupwa nyuma ya jengo nilikuta wadudu wake wanacheza ndani ya maji. Hata kofia ya kazi iliyosahauliwa kichwa chini ilikuwa na maji na wadudu ndani yake! Yai lake linaweza kukaa kavu miezi mingi likingoja mvua, na kutoka yai mpaka mbu ni kama wiki moja tu. Kwa hiyo mara moja kila wiki: mimina maji ya mapipa na kusugua kuta zake, funika mapipa ya kunywa, toboa makopo, weka mipira ya magari chini ya paa. Nimeomba wakubwa wa ateliye mahali pa kuiweka, na nitawaandikia tena.

Ukija kwangu na homa, njoo na majibu haya. Ilianza siku gani na saa gani? Umetoka wapi wiki mbili zilizopita? Umemeza nini? Kadi ya chanjo iko wapi? Nani mwingine nyumbani anaugua? Umeona nyani waliokufa, au mifugo inayotoa mimba? Hilo la mwisho linachekesha watu, lakini kuna homa ya Bonde la Ufa, iliyojulikana Kenya tangu 1930 na 1931, inayoanza kwa kondoo na ng'ombe.

Bibi wa yule fundi sikumsahau, naye hakunisahau. Kabla sijatoka mahali pale alinileta mtoto wao wa kike, ana homa. Kabla sijafungua kinywa aliweka mezani kipande cha daftari la shule. Alikuwa ameandika kwa penseli: Jumatano jioni, homa. Alhamisi, kutapika mara mbili. Parasetamoli nusu, saa mbili usiku. Asipirini hapana. Nilimtoboa mtoto kidole, tukangoja pamoja dakika kumi na tano. Mistari miwili. Safari hii ilikuwa malaria.